Orodha ya wajumbe anayo diwani aliyeko madarakani, mimi mgombea nafichwa. Hizi kura za maoni ni za nani?

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaficha. Nipo Rungwe, Mbeya, kata sitaitaja, chama nacho sitakitaja maana bado ni mwanachama na kadi nalipia kila mwaka. Juzi tumemaliza kura za maoni za udiwani, ule mchujo wa ndani ya chama, nimeshindwa. Kushindwa sio tatizo, kwahiyo asije mtu hapa akaniambia "nenda kajipange", hilo neno nimeshalisikia mpaka basi. Tatizo langu ni moja, ORODHA YA WAJUMBE.

Nianze mwanzo ili mnielewe. Mi nina duka la pembejeo, mbolea na dawa za viazi, kila siku naongea na wakulima kwahiyo shida zao nazijua kuliko mtu anaekuja na gari mara moja kwa mwezi. Barabara yetu ya kwenda lami masika lori haishuki, ndizi zinakatwa zinakaa pembeni ya njia mpaka zinaiva hapo hapo, mama zetu wanabeba kichwani, wenye hela wanalipa bodaboda mikungu miwili miwili. Diwani tulienae yupo toka 2015, miaka kumi, na yeye ndo mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, hiyo barabara ameiongelea kila kampeni. Vijana wenzangu na wazee wawili watatu wakaniita wakaniambia mwanetu chukua fomu, sisi tumechoka. Nikachukua. Mara ya kwanza maishani mwangu kugombea kitu chochote zaidi ya umonita wa darasa.

Sasa kwa wasiojua, huku kwetu ukishapita kura za maoni kazi imebaki ndogo sana. Ndo maana vita yote iko huko ndani, na wanaopiga kura huko ndani sio kata nzima, ni wajumbe. Kwahiyo mgombea silaha yake ya kwanza ni kujua wajumbe ni akina nani na wanakaa wapi. Bila hiyo unapita nyumba kwa nyumba unasalimia watu ambao hata kura hawana.

Siku narudisha fomu nikamuomba kiongozi wa ofisi orodha. Akaniambia bado inahakikiwa, njoo jumatatu. Jumatatu nikaenda, akasema mwenye mhuri hayupo, njoo alhamisi. Alhamisi ofisi imefungwa. Nimepanda ule mlima na baridi ya mwezi wa saba ile mnayoijua watu wa Tukuyu, ukungu hauoni hata mita ishirini mbele, mara NNE. Mara ya tano ananiambia "kijana unaharaka ya nini, orodha mtapewa wote siku moja".

Jioni ya siku hiyo hiyo naenda kwa wakala kutoa hela, namkuta mpambe wa diwani kakaa pale kwenye benchi na karatasi zake mkononi. Orodha. Imegongwa mhuri, kila tawi na watu wake, na pembeni namba za simu zimeandikwa kwa kalamu. Anamsomea wakala jina na namba, wakala anatuma, elfu tano tano, anaweka tiki, anaenda jina linalofuata. Nimesimama pale nyuma yake naangalia kwa macho yangu, nimesoma mpaka jina la mjomba wangu. Alivyogeuka akaniona wala hakushtuka, akanisalimia "shikamoo mheshimiwa mtarajiwa", mtu ananizidi umri, na akaendelea na kazi yake.

Nilitetemeka wakuu. Sio kwa uoga.

Mimi nilikuja kupewa yangu saa kumi na mbili jioni, kesho yake asubuhi ndo kura. Fotokopi imefifia, namba za simu hamna hata moja, tawi moja ukurasa wa pili haupo kabisa. Nikaanza kuipitia na mke wangu kwa tochi ya simu maana umeme ulikatika, tukafika jina la mama mmoja wa tawi la juu, mke wangu akanyamaza. Yule mama tumemzika mwezi wa nne. Mimi mwenyewe nilibeba jeneza. Yupo kwenye orodha kama mjumbe halali, na kesho yake nikiwa ukumbini nikaona mbele ya jina lake kuna alama kwamba AMEPIGA KURA. Nikanyoosha mkono nikasema hapa kuna tatizo, msimamizi akanijibu kaa chini, kama una malalamiko andika barua.

Nani kapiga hiyo kura? Hilo swali nimemuuliza kila mtu na hakuna anaenijibu.

Kuna hili lingine na linaniuma kuliko la hela. Mama yangu mdogo yupo kwenye kikundi cha akina mama kinachosubiri mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Hiyo ni hela ya mapato ya halmashauri, ipo kisheria, sio mfuko wa diwani. Wakaitwa kikao wakaambiwa jina la kikundi chenu liko mezani, mkichagua vibaya msije mkalia. Mama mdogo alikuja usiku nyumbani kwangu, akakaa jikoni karibu na moto, hakunywa hata chai, akaniambia "mwanangu nakupenda, wewe ni damu yangu, ila sisi tuko kumi na tunategemea ule mkopo tununue ng'ombe". Nikamwambia mama nenda kapige kura yako kwa amani, sitakulaumu, na simlaumu mpaka leo. Mwaka 2020 watu nchi nzima walikuwa wanasema wajumbe sio watu wazuri, mi hiyo kauli siikubali. Wajumbe ni mama zetu hawa hawa. Mbaya ni yule anaewashikia ng'ombe wao mkononi na kuwaambia chagua.

Mzee mmoja ninaemheshimu kanifata dukani ananiambia acha hizo mwanangu, elfu tano ni takrima tu, ni ukarimu wetu. Shikamoo baba, lakini takrima ilishafutwa na Mahakama Kuu 2006, walisema inakiuka katiba kwa sababu mwenye hela na asiye na hela hawawezi kuwa sawa mbele ya mpiga kura. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi 2010, na hiyo haiongelei uchaguzi mkuu peke yake, inagusa mpaka uteuzi wa ndani ya chama. Kwahiyo mtu asiniambie haya ni mambo ya ndani ya nyumba. Sio mambo ya ndani ya nyumba kama sheria ya nchi imeingia mpaka sebuleni.

Na wale mnaosema kama umechukia toka ukagombee mwenyewe. Kwa njia ipi? Mgombea binafsi nchi hii hakuna. Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa wa upinzani, alihangaika na hiyo kesi toka miaka ya tisini mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikampa ushindi 2013, na mpaka leo katiba inataka mbunge awe amependekezwa na chama, na udiwani hivyo hivyo. Kwahiyo kwa mtu kama mimi mlango ni ule ule mmoja, na funguo anayo ninaeshindana nae. Yani niende wapi?

Mnatuita vijana kwenye majukwaa, chukueni fomu, msiogope, chama ni chenu. Tunachukua. Tunalipa hela ya fomu, tunafunga maduka wiki nzima, wake zetu wanatuuliza hii ada ya mtoto itatoka wapi. Alafu listi moja tu, karatasi ambayo fotokopi yake haifiki hata elfu mbili, mnampa mmoja mwezi mzima kabla na mwingine mnampa jioni ya kuamkia kura. Hapo mmeniita nigombee au mmeniita nimsindikize mtu ili aonekane alikuwa na mpinzani?

Ninachotaka sio cheo cha kufidiwa, nasema hivi maana nimeshapigiwa simu naambiwa tulia utafikiriwa kwenye kamati. Sitaki. Nataka orodha ibandikwe ukutani nje ya ofisi siku ile ile fomu zinaanza kutolewa, kila mgombea na kila mwanachama aisome, aliekufa afutwe, aliehama afutwe, anaelalamika alalamike mapema. Kubandika karatasi ukutani kunahitaji gundi tu.

Barua ya malalamiko nimeandika, kurasa mbili, nimeambatanisha picha ya ile orodha na nimeandika tarehe tuliyomzika yule mama. Watoto wake wamekubali kuja kusimama nami. Nimeipeleka ofisini mara mbili, mara zote naambiwa mwenye kupokea kaenda wilayani. Jina la aliepita linapelekwa vikao vya juu wiki hii hii, kwahiyo muda ninao mdogo. Kama kuna mtu humu alishakata rufaa ya kura za maoni ngazi ya kata na ikapokelewa naomba aniambie alianzia wapi, ofisi ya wilaya moja kwa moja au lazima ipite hapa hapa kwa hawa hawa niliowalalamikia. Kesho asubuhi nashuka Tukuyu na basi la kwanza nikiwa na nakala tatu, na sirudi mpaka moja igongwe mhuri wa kupokelewa.