Kwa nini mshipa uliopanuliwa huziba tena kwa misuli yake wenyewe?

Mwalimu wa Wete
Assalamu alaikum. Nasomesha bayolojia skuli ya sekondari hapa Wete, na suala langu limetoka nyumbani. Ami yangu alitiwa stenti isiyo na dawa, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachopanuliwa kwa puto ili kuuweka wazi mshipa, kwenye mshipa wa moyo, na baada ya miezi sita akawa hawezi kufika msikitini bila ya kusimama njiani mara mbili. Picha ya pili niliiona kwa macho yangu: rangi iliyotiwa kwenye damu ilipita ndani ya stenti nyembamba kama uzi. Tulielezwa kwamba kilichoziba si mafuta, ni seli za misuli laini ya mshipa zilizoota kuelekea ndani. Seli hizo zilikuwa zimetulia miaka yote. Nani aliyeziamrisha zigawike?

Tabibu wa Mkunazini
Waalaikumu salamu, Mwalimu, na pole kwa maradhi ya ami.

Amri ni mbili, na ya kwanza ni kuondoka kwa kizuizi. Utando wa ndani wa mshipa hutoa gesi ya oksidi ya nitriki, ambayo huingia kwenye misuli, huilegeza na kuizuia isigawike. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha kwamba gesi hiyo ni ishara mwilini. Puto linapopanua mshipa, utando huo huchubuka.

Hapo chembe sahani, vile vichembe vinavyogandisha damu, hunasa kwenye mchubuko na kumwaga protini iitwayo PDGF, na hiyo ndiyo amri ya pili. Mwaka 1974 Russell Ross na wenzake walionyesha kwamba seli za misuli ya ateri hukua kwa kichocheo kinachotokana na chembe sahani. PDGF huvuta pamoja vipokezi viwili juu ya seli, navyo hutiliana fosfeti, yaani huwashana. Ishara ikashuka kwa protini zinazopokezana, kwa njia ya Ras, Raf, MEK na ERK mpaka kwenye kiini, na kwa njia nyengine ya PI3K, Akt na mTOR. Seli huacha kazi yake ya kukaza mshipa, ikahama na kuzaana. Mimi naiona kuwa ni uponyaji uliopita kiasi, wala si uchafu wa damu.

Mwalimu wa Wete
Shukran sana, Daktari. Je, shindikizo la damu nalo halichangii? Stenti ya pili aliyotiwa ina dawa ya sirolimasi.

Tabibu wa Mkunazini
Shindikizo lina mkondo wake: anjiotensini II, homoni inayopandisha shindikizo, zaidi hunenepesha seli kuliko kuzigawa. Dawa za kuipunguza zilizuia uotaji huu kwa panya, lakini kwa binadamu waliopanuliwa mishipa hazikufaa.

Sirolimasi, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui katika bahari ya Pasifiki, huizuia mTOR, seli ikasimama kabla ya kunakili DNA yake. Stenti zake ziliidhinishwa Ulaya mwaka 2002 na Marekani mwaka 2003. Lakini seli za utando nazo zina mTOR, kwa hiyo utando hukawia kuota na chuma hubaki wazi kwa damu kuganda. Ndiyo maana ami hupewa vidonge viwili vya kuzuia damu kuganda, na nakusihi asiache hata kimoja mpaka daktari wake wa moyo amwambie.