Nyie ma-DJ mnaotafsiri muvi, nani kawatuma mkate mapenzi?

Wakuu, salaam.

Jambo hili limenikaa kooni tangu Jumapili, acha nilitoe hapa.

Mzee wangu ana miaka 71. Alikuwa kuli bandarini, na mtu wa ngumi tangu ujana wake. Pambano likiwa kwenye TV hata chai haigusi. Mama alitutoka mwaka juzi, na tangu hapo mzee amekuwa mkimya mno. Nikasema ngoja nimtafutie Rocky, ile ya kwanza ya mwaka 1976. Mimi niliiona kwa Kiingereza kwa rafiki yangu, nikarudi nyumbani sina hamu ya kuongea na mtu. Kiingereza mzee hakimpandi, kwa hiyo ilibidi niitafute iliyotafsiriwa. Nikaenda banda moja huku kwetu Temeke wanapojaza muvi kwenye flashi, nikatoa buku langu.

Kijana wa pale akaniambia, "Hii utaipenda braza, DJ kaondoa yale mapenzi mapenzi, zimebaki ngumi tupu." Alisema kama mtu anayekuongezea nyanya kwenye fungu. Nikadhani wametoa busu moja mbili kwa sababu ya watoto.

Wakuu, wamekata muvi yenyewe!

Kwa ambaye hajaiona: Rocky ni bondia choka mbaya wa Philadelphia, anampenda Adrian, dada mmoja mwenye haya anayevaa miwani na kuuza wanyama dukani. Usiku wa sikukuu anampeleka kwenye uwanja wa kuteleza kwenye barafu, wanakuta umeshafungwa. Jamaa anambembeleza msimamizi, anatoa dola 10, wanapewa dakika 10. Uwanja mtupu, wako wawili tu. Adrian amevaa viatu vya kuteleza, Rocky ana viatu vyake vya kawaida, anatembea kando yake asianguke, na yule msimamizi anawapigia kelele dakika zilizobaki. Hapo ndipo Rocky anamwambia kwamba baba yake alimwona hana akili, akamwambia atumie mwili. Adrian naye anasema mama yake alimwambia kinyume chake: mwili huna, tumia akili. Watu wawili waliodharauliwa na wazazi wao wenyewe wanaambiana hivyo wakizunguka kwenye barafu. Mimi nimefukuzwa shule nikiwa kidato cha pili na najua nilivyoambiwa nyumbani. Kipande kile hakiniishi kichwani.

DJ wetu kakiruka chote. Binti yuko dukani, kufumba na kufumbua yuko chumbani kwa jamaa anavuliwa miwani. Mzee akanigeukia: "Huyu binti katokea wapi? Wameshaoana?" Nikashindwa pa kuanzia.

Mwisho ndio umeniumiza kabisa. Rocky anamaliza raundi zote 15, anashindwa kwa pointi, na wala hasikilizi matokeo. Uso umevimba, macho hayaoni, analiita jina la Adrian, na yule dada aliyekuwa anaogopa hata kuongea anapasua umati hadi ulingoni kwake. Muvi nzima ilikuwa inaenda pale. DJ akaongea juu yake akitangaza kazi zake zinazokuja, kisha akakata. Mzee akasema, "Kumbe kapigwa," akanyanyuka kwenda kulala.

Sasa nawauliza nyie mnaoingiza sauti, nani kawaambia mwanaume hataki kuona mapenzi? Nilipokuwa mdogo niliona muvi ya Kihindi, Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995, kwenye kibanda umiza, imekatwa hivyo hivyo. Kuna sehemu mama wa binti anawapa binti na mpenzi wake, Shah Rukh Khan, dhahabu zake na kuwaambia kimbieni, jamaa anakataa. Anamtaka binti kutoka mkononi mwa baba yake, siyo kwa kumtorosha. Jamani, hiyo siyo habari ya wanaume? Nani kati yetu aliyeoa hajakaa sebuleni kwa wakwe, mikono magotini, jasho linamtoka, huku mshenga ndiye anaongea? Waliiruka ile, wakatupeleka moja kwa moja kwenye ugomvi wa stesheni. Baba alipoachia mkono wa binti akimbilie treni, banda zima likazomea, "Kaachia kirahisi hivyo!" Nilikuja kuiona nzima nikiwa mtu mzima, ndipo nikaelewa kwa nini aliachia.

Na msiniambie soko ndivyo linavyotaka. Mzee mwenyewe anasimulia Jumapili za ujana wake, foleni kwenye majumba ya sinema ya Avalon na Empire kwa ajili ya Raj Kapoor, staa wa Kihindi, makuli wenzake wamechomekea mashati, wanatoka wanaimba nyimbo za muvi yake Awara kwa Kihindi wasichokijua. Hakuna aliyewaita wanawake. Nyie mmetoa wapi hii ya "muvi za wadada"? Mnakata kipande ambacho mwanaume anaongea kuhusu moyo wake, mnabakiza pale anapopigana, halafu mnatuuzia kama nzima. Huo ni wizi, na hela mmekula.

Jana jioni nilikaa naye barazani nikamsimulia kile kipande cha barafu kwa mdomo, mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza, akanyamaza kitambo, akasema yeye na mama waliwahi kupanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi mara tatu mfululizo, hawana wanakokwenda, alikuwa anatafuta tu muda wa kuongea naye. Sijawahi kuisikia habari hiyo maisha yangu yote.

Kwa hiyo naomba, mwenye Rocky ya 1976 iliyotafsiriwa bila kukatwa, au yenye maandishi ya Kiswahili chini, aniambie inapatikana wapi. Kariakoo, Mbagala, Bunju, popote nafika. Asubuhi hii kabla sijatoka kwenda kazini mzee ameniuliza kama nimeshaipata.