Naomba ushauri: mate ya mwanafunzi wangu hayamengenyi wanga, hili linarithiwa?

Mwalimu Chaki – Alhamisi usiku

Wakuu, habarini za usiku. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, shule moja ya kata mkoani Manyara. Juzi Jumanne nilifanya praktiko ya vimeng'enya na Kidato cha Tatu. Wanafunzi 11 walijitolea mate. Kila mmoja na testi tyubu yake: mchuzi wa wanga, mate kidogo, tyubu zote kwenye karai la maji ya vuguvugu. Kila baada ya dakika 2 tunadondosha tone kwenye kigae cheupe chenye ayodini. Tone likigeuka jeusi la bluu, wanga bado upo. Likibaki na kahawia ya ayodini yenyewe, wanga umekwisha.

Tyubu 10 zilimaliza kazi kati ya dakika ya 6 na ya 10. Moja ikagoma. Dakika 30 tone jeusi tii, kama la mwanzo. Ni ya binti mmoja.

Swali langu: mtu anaweza kuzaliwa bila kimeng'enya cha mate? Na kama anaweza, ugali na makande anavimengenyaje? Naomba majibu ya kitaalamu kabla ya Jumatatu.

Kijiwe cha Mwisho

Mwalimu, mimi baiolojia nilipata F, lakini najua kitu kimoja: shuleni kwetu makande yalikuwa hayamengenyiki hata kwa wenye vimeng'enya vyote.

Mtoto wa Kilwa

Hii ipo kabisa. Mimi maziwa mabichi nikinywa glasi moja, nusu saa tumbo linanguruma kama jenereta. Mke wangu ni wa kutoka Singida, kwao maziwa ndiyo maji. Tulipooana mama mkwe alinipa kibuyu kizima kwa heshima, nikanywa kwa adabu. Usiku ule sitausahau, na choo kilikuwa nyuma ya zizi. Mtindi lakini nakunywa bila shida. Kwa hiyo mwalimu, huyo binti mpe mtindi.

Tabibu wa Zamu

Mtoto wa Kilwa, yako ni habari nyingine. Sukari ya maziwa inavunjwa na laktezi, kimeng'enya cha utumbo mwembamba, si cha mate. Watu wengi duniani laktezi yao hupungua wakishaacha ziwa la mama. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilipima watu Tanzania, Kenya na Sudan, ikakuta kwa jamii zetu za wafugaji kuna mabadiliko ya jeni yanayoiacha laktezi ikifanya kazi hadi uzeeni, na si mabadiliko yaleyale ya Wazungu. Mtindi unakupita salama kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya ile sukari kabla yako.

Mwalimu, kwa swali lako: hata mate yasipofanya chochote, wanga haumshindi mtu. Tonge linakaa mdomoni kwa sekunde chache, likifika tumboni asidi inasimamisha amilezi ya mate, yaani kile kimeng'enya kinachovunja wanga. Kazi kubwa inafanywa na amilezi ya kongosho kwenye utumbo mwembamba. Binti ana afya? Anakua vizuri? Basi anamengenya. Ila kwa nini "kabla ya Jumatatu"?

Mwalimu Chaki

Shukrani Tabibu. Jumatatu kuna kikao tu cha kawaida. Ninachotaka ni uhakika kama ni la kurithi.

Mama Togwa

Jamani mimi si msomi ila hili nalijua kwa mikono. Kwetu Songea tunapika togwa. Uji wa mahindi unaupika mzito, mwiko unasimama. Unauacha upoe mpaka kidole kinavumilia, ndipo unatia kimea cha ulezi. Koroga. Huendi mbali, uji unaanza kulegea wenyewe, unakuwa mwepesi wa kumiminika, na utamu unaingia bila sukari. Sasa bibi yangu alikuwa anatupiga mikono tukitia kimea uji ukiwa unachemka. Anasema "umekiua". Na kweli, uji unabaki mzito vilevile mpaka asubuhi.

Mwalimu, una hakika maji ya karai hayakuwa ya moto?

Laborata

Mama Togwa umefundisha somo zima la Kidato cha Tatu hapo. Kimea kina amilezi, ndugu ya hiyo ya mate. Ndiyo kimeng'enya cha kwanza kabisa kutengwa na wanasayansi: Payen na Persoz, Ufaransa, mwaka 1833, walikitoa kwenye kimea cha shayiri. Na bibi yako alikuwa sahihi: kimeng'enya ni protini, moto ukizidi umbo lake linaharibika na halirudi.

Lakini karai lilikuwa moja. Maji yangekuwa ya moto zingekufa tyubu zote 11. Tatizo liko kwenye tyubu ile moja au kwa mwenye mate.

Dada Mkunazi

Mimi nasoma katikati ya mistari. Mwalimu hajajibu la Tabibu. Kaka, kikao cha Jumatatu ni na nani? Na huyo binti ulimwambia nini pale darasani? Maana mtoto tyubu yake imegoma mbele ya wenzake 40, lazima kuna neno lilisemwa.

Mwalimu Chaki – Ijumaa asubuhi

Sikulala vizuri. Nasema.

Darasa liliuliza kwa nini ya huyu imegoma. Nilikuwa nimesoma kuhusu utafiti wa jeni ya amilezi kwa makabila ya huku kwetu, nikaona ni nafasi nzuri ya kuunganisha mada ya vimeng'enya na ya urithi. Nikasema mbele ya wote kwamba watu wa kwao ni wafugaji, wamekula nyama na maziwa vizazi na vizazi, kwa hiyo amerithi jeni chache za kumengenya wanga. Darasa likacheka. Tangu Jumatano hali makande ya shule. Wenzake wanamwita "Kibuyu". Anakaa bweni, matroni ndiye aliyempigia mama yake. Mama anakuja Jumatatu.

Lakini naomba mnielewe. Sikumtukana mtoto. Nilisema jambo la kisayansi lililochapishwa. Na barua ya kumpeleka hospitali ya wilaya akapimwe vimeng'enya nimeshaiandika, mkuu wa shule ameshaisaini. Nikigeuka leo niseme sijui, darasa litaniamini tena kwenye kitu gani?

Mzee wa Benchi

Nimefundisha miaka 31, nimestaafu. Mwanangu, mtoto huyo amekupa mate ya kinywa chake mwenyewe ili wenzake wajifunze. Ukamlipa kwa kumtangazia ukoo. Barua hiyo usiitoe. Hakuna hospitali ya wilaya itakayompokea mama wa watu na swali hilo, atarudi na nauli imekwisha na hofu imezidi.

Kijiwe cha Mwisho

Mzee umeongea. Ila walimu wa sasa ndio hawa, simu mkononi, anasoma kichwa cha habari kimoja anaingia nacho darasani.

Tabibu wa Zamu

Huo utafiti naujua, ni wa George Perry na wenzake, mwaka 2007. Jeni ya amilezi ya mate iko kwenye kromosomu namba 1, na haiko kwa nakala mbili tu kama tulivyozoea kuchora darasani, moja ya baba na moja ya mama. Inajirudia. Mtu mmoja anaweza kuwa na nakala 4, jirani yake 10. Walilinganisha jamii zinazokula wanga mwingi, wakiwemo Wahadzabe wa Tanzania wenye mizizi yao, na jamii zinazokula wanga kidogo, wakiwemo Wadatoga wafugaji. Wastani ukawa kati ya 6 na 7 kwa wa kwanza, kati ya 5 na 6 kwa wa pili.

Sasa soma vizuri mwalimu. Huo ni WASTANI. Kuna wafugaji wenye nakala nyingi kuliko wala mizizi, na kinyume chake. Na mwenye nakala chache hutoa amilezi kidogo, si sifuri. Tyubu yake ingechelewa, ingemaliza dakika ya 15 au ya 20, tone lingekuwa linapauka kidogokidogo. Wewe unasema dakika 30 jeusi tii kama la mwanzo. Hiyo si jeni. Kimeng'enya kiliuawa au kilizuiwa.

Nguzo ya Tatu

Wakuu mnapoteza muda, hii ni CHAI. Akaunti imefunguliwa wiki hii. Shule ya kata ina ayodini, vigae na maabara? Halafu kwa bahati nzuri tyubu iliyogoma ni ya binti wa jamii ileile ya kwenye utafiti? Na mama anakuja Jumatatu, kama tamthilia. Huyu anatunga hadithi, kesho atasema binti ameugua tumchangie.

Mtoto wa Kilwa

Nilikuwa naanza kuhisi hivyo hivyo. Praktiko ya mate sisi tuliisoma ubaoni tu. Mwalimu alichora tyubu, tukachora tyubu.

Dada Mkunazi

Nguzo, usiidharau shule ya kata. Enzi za Kikwete wananchi tulichangishwa kujenga maabara 3 kila shule, mimi mwenyewe nimebeba mawe kichwani. Baadhi zimesimama na zina vifaa. Na Manyara kukuta binti wa jamii ya wafugaji darasani ni bahati gani hiyo? Ni kama kushangaa kukuta samaki Mwanza.

Nguzo ya Tatu

Basi athibitishe. Si mwalimu wa kweli? Atuambie tyubu ile imekwenda wapi.

Mwalimu Chaki

Nguzo, akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani walimu wenzangu wanaijua. Naona aibu, ndiyo ukweli.

Tyubu ninayo. Niliifungia kabatini na mchuzi wake ndani, nimwoneshe mama kama ushahidi. Hii hapa mbele yangu: ina kipande cha plasta ya karatasi karibu na mdomo, kimeandikwa herufi Y kwa peni nyekundu, wino umechuruzika. Chini kuna ukungu mweupe wa wanga uliotulia.

Laborata

Simama hapo hapo. Hiyo Y ni ya nani? Wewe ndiye uliyeandika?

Mwalimu Chaki

Hapana. Zangu niliziandika namba, 1 hadi 11. Hii ya binti ni namba 7, nimeandika upande wa pili. Y itakuwa ya Kidato cha Nne, walitumia tyubu hizohizo Jumatatu kwenye praktiko ya kutambua vyakula.

Laborata

Sampuli Y ilikuwa nini? Na waliziosha kwa maji gani?

Mwalimu Chaki

Nimemfuata kiranja wa maabara. Y ilikuwa sukari ya mezani. Maji wiki hiyo hayakutoka, walisuuza kwa ndoo moja tyubu zote.

Laborata

Mwalimu, jibu umelishika mkononi. Sukari ya mezani haikubali Benedict, ile dawa ya kupimia sukari, moja kwa moja. Unaichemsha kwanza na asidi hidrokloriki iliyopunguzwa nguvu, halafu unaipoza asidi kwa magadi, ndipo unatia Benedict. Mwanafunzi akisahau magadi, asidi inabaki. Tyubu ikapitishwa kwenye ndoo ya maji machafu, kukicha wewe ukamwagia mate ya binti humo. Amilezi ya mate inataka mahali pasipo na asidi wala besi kali, pH karibu na 7. Kwenye asidi inalala kabisa, ndivyo inavyotokea ikifika tumboni. Chovya litimasi ya bluu, ile karatasi ya kupimia asidi, kwenye hiyo tyubu. Sasa hivi.

Mwalimu Chaki – Ijumaa, saa 10 jioni

Imegeuka nyekundu. Nimechovya mara mbili, karatasi mbili tofauti. Za namba 6 na 8 zilikuwa bado hazijaoshwa, nimezijaribu pia: litimasi imebaki bluu.

Mama Togwa

Ee Mungu. Mtoto wa watu siku tatu hajala makande kwa sababu ya ndoo ya maji.

Nguzo ya Tatu

Sawa, naondoa neno langu. Plasta yenye herufi Y mtu hatungi. Tupe mrejesho.

Mzee wa Benchi

Rudia praktiko kesho, binti aoshe tyubu yake mwenyewe. Na hilo neno ulilolisema mbele ya darasa, lirudie mbele ya darasa hilohilo. Usimwite ofisini ukamwambia faraghani.

Mwalimu Chaki

Mzee, kurudia praktiko nitarudia. Hilo la darasani nilitaka kulimaliza na mama yake kwanza, kiutu uzima.

Dada Mkunazi

Kibuyu hajaitwa na mama yake. Kaitwa na darasa.

Mwalimu Chaki – Jumatatu usiku – MREJESHO

Jumamosi tulirudia, mimi, yeye, matroni na kiranja wa maabara. Aliiosha tyubu mara tatu, akachovya litimasi mwenyewe bila kuambiwa. Dakika ya 2 jeusi. Ya 4 tone likawa zambarau. Ya 6 kahawia safi. Alikiinamia kigae muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwenye daftari nifute yale ya kwanza?" Nikamwambia asifute, aandike chini yake kwamba tyubu ilikuwa na asidi, hayo nayo ni matokeo.

Leo mama yake amefika saa 4. Barua nimeichana mbele yake na mbele ya mkuu wa shule. Nikamweleza yote, la ndoo na la kauli yangu. Alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Nimekuelewa mwalimu. Sasa twende darasani." Nilidhani anatania. Akatangulia.

Nimesema mbele ya wote 43. Nimesema nilikosea kuhusu tyubu, na nilikosea zaidi kuhusu watu wa kwao. Mama alisimama mlangoni na kanga yake mpaka nikamaliza. Hakuna aliyecheka. Mvulana mmoja akauliza kama kidato chote wanaweza kupima litimasi tyubu zao kabla ya kila praktiko, nikasema kuanzia leo.

Mama Togwa

Na makande je, kala?

Mwalimu Chaki

Kala, mama. Kachambua maharage yote akayaweka pembeni. Mama yake anasema hayo hajawahi kuyapenda tangu mdogo.