Tupeane uzoefu: Sudoku ngumu ikigoma, unafuta kwa mbinu gani?

Kijumba81 (mwanzisha mada)
Wakuu, uzi huu ni wa gridi zile ambazo namba za wazi zimeisha, jozi (vijumba viwili vinavyogawana namba mbili zilezile) zimeisha, na bado nusu ya vijumba iko wazi. Weka mbinu unayoitegemea: inaanzaje, inafuta nini, watu hukosea wapi. Kubahatisha hakuhesabiki. Ili tuelewane, M ni mstari wa kulala na S ni safu ya kusimama, kwa hiyo M4S6 ni mstari wa 4, safu ya 6. Wagombea ni namba ambazo bado zinawezekana kwenye kijumba. Vijumba "vinaonana" vikiwa mstari mmoja, safu moja au boksi moja la vijumba 3 kwa 3.

Penseli HB
Anza na notisi, yaani wagombea unaowaandika kwa penseli ndani ya vijumba. Mtindo wa Snyder, wa kuandika namba pale tu ilipobakiza nafasi mbili ndani ya boksi, unafaa kwa kasi, lakini mbinu kubwa hazionekani kwa notisi za nusunusu. Gridi ikigoma, andika wagombea wote. Mgombea aliyezidi atakuchelewesha tu. Aliyesahaulika ndiye hatari, maana atakuonyesha jozi isiyokuwepo, na kosa litajitokeza mbele sana wakati hujui tena lilianzia wapi.

TisaKwaTisa
X-wingi. Chukua namba moja, pita mstari kwa mstari. Tuseme 5 kwenye M2 inawezekana S3 na S8 tu, na kwenye M7 vilevile S3 na S8 tu. Vyovyote itakavyokuwa, 5 ya S3 na 5 ya S8 zitatoka kwenye mistari hiyo miwili, basi futa 5 nyingine zote kwenye safu hizo. Ukianzia kwenye mistari unafuta kwenye safu, ukianzia kwenye safu unafuta kwenye mistari. Wengi hugeuza hapo.

Sodifishi ni jambo lilelile kwa mistari mitatu na safu tatu. Inapita machoni kwa sababu watu wanasubiri vijumba tisa vilivyojaa. Si lazima. 4 ikiwa M1 kwenye S2 na S6, M5 kwenye S6 na S9, M8 kwenye S2 na S9, imetimia: futa 4 nyingine za S2, S6 na S9.

Bw. Mlalo
Mkuu, kabla ya Sodifishi kuna mbinu ya ghorofa, na hutokea mara nyingi zaidi. Ni X-wingi iliyopinda upande mmoja. 7 kwenye M1 iko S2 na S5 tu, kwenye M8 iko S2 na S6 tu. S2 haiwezi kubeba 7 mbili, hivyo angalau moja kati ya M1S5 na M8S6 ni 7. Kijumba chochote kinachoonana na zote mbili kinapoteza 7: M2S6, M3S6, M7S5 na M9S5. Ncha hizo, M1S5 na M8S6, zisipokuwa kwenye kundi lilelile la safu tatu (S1-S3, S4-S6 au S7-S9), huna cha kufuta, songa mbele.

Kifutio
Mimi natetea XY-wingi, maana haihitaji kuchunguza gridi nzima, unatafuta vijumba vyenye wagombea wawili tu. Egemeo, kijumba kinachoonana na vingine viwili vinavyoitwa mabawa, liwe M5S5 lenye 2 na 6. Bawa la kwanza M4S6 lina 2 na 9, la pili M5S1 lina 6 na 9. Egemeo likiwa 2, bawa la kwanza ni 9. Likiwa 6, la pili ni 9. Basi 9 inafutika M4S1, M4S2, M4S3, M5S4 na M5S6.

Sasa angalieni mtego. Egemeo likiwa na 2, 6 na 9, hiyo ni XYZ-wingi, na anayefutwa lazima aonane na egemeo pia. Katika mfano huu wanabaki M5S4 na M5S6 tu. Ukifuta 9 ya M4S1 kwa mazoea, unaweza kuwa umefuta jibu.

Boksi la Kati
Mstatili wa pekee nao usisahaulike. M1S1, M1S4 na M2S1 zina 3 na 8 tu, M2S4 ina 3, 8 na 5. Weka 5. La sivyo 3 na 8 zingebadilishana nafasi na kuleta majibu mawili.

Penseli HB
Hiyo siikubali, Mkuu. Unatumia ahadi ya mtungaji kwamba jibu ni moja, hujathibitisha chochote.

Boksi la Kati
Gridi isiyo na jibu moja si sudoku halali, kwa hiyo ahadi hiyo ni sehemu ya kanuni. Ila masharti ni makali: vijumba vinne viwe ndani ya maboksi mawili kamili, na kisiwemo hata kimoja kilichotolewa na mtungaji. Mstatili wa M1 na M5 kwa S1 na S4 unagusa maboksi manne, hauna nguvu yoyote.

MgeniWaGridi
Naomba kuuliza, gridi yenye namba chache za kuanzia ndiyo ngumu zaidi?

TisaKwaTisa
Hapana. Kiwango cha chini ni 17. Mwanahisabati Gary McGuire na wenzake wa Dublin walionyesha mwaka 2012, kwa kompyuta, kwamba 16 haziwezi kutoa jibu moja. Lakini zipo za 17 zinazofunguka kwa hatua za kawaida tu, na zipo za 24 zinazodai minyororo mirefu ya "hiki kikiwa hivi, basi kile ni vile".

Kifutio
Na ukikaribia mwisho, kila kijumba kikabaki na wagombea wawili isipokuwa kimoja chenye watatu, usihangaike na minyororo. Kwenye hicho kimoja, weka namba inayojitokeza mara tatu katika mstari wake, safu yake na boksi lake. Hii nayo inasimama juu ya ahadi ya jibu moja, Penseli HB usiniandame.