Kaka yangu kaumia uti wa mgongo, nimsaidieje kufikia malengo yake?

DadaWaKimara
Habari zenu wadau. Kaka yangu alianguka kwenye jengo alikokuwa kibarua. Miguu haifanyi kazi, mikono ni mizima. Karuhusiwa, tuko naye nyumbani. Nyumba nzima tunamwambia "utatembea tu, Mungu mkubwa." Anaitikia amina, kisha anageukia ukutani. Juzi kaniuliza kama kiti chake cha magurudumu kitaingia kwenye mwendokasi. Nianzie wapi?

FundiCherehani
Pole sana dada, mfikishie na kaka. Hilo swali la mwendokasi ndilo lengo lenyewe, lishike hapo hapo. Muulize anataka kwenda wapi, akafanye nini, na usimjibie.

Mimi natumia kiti na nashona Kariakoo. Safari ya kwenda huko niliivunja vipande: kuvaa suruali nikiwa nimelala, kuhamia kwenye kiti kwa kuteleza juu ya ubao, kizingiti cha mlango, ndipo barabara. Kizingiti kilinitesa kuliko barabara yote. Fundi akanimwagia zege la mteremko: kila sentimita moja ya kimo, sentimita 12 za urefu. Suruali ikimchukua nusu saa, mwacheni. Msimvalishe.

Na mkojo autangulize. Kama anatumia mpira wa mkojo wa kuingiza na kutoa, ni kila baada ya saa nne hadi sita, kwa hiyo ajue atajisaidia wapi kabla hajatoka. Akiwa kwenye kiti ajiinue au aegemee upande kila baada ya dakika 15 hadi 30, na usiku akague makalio kwa kioo. Kidonda kimoja kinaweza kumlaza miezi.

MtaalamuViungo
Naunga mkono. Lengo lipeni siku, na aliandike yeye. Kutembea msimuahidi, wala msimkatishe tamaa. Hayo aongee na daktari wake.

Kwa wengine wenye wagonjwa walioumia shingo au kifua cha juu: kichwa kikimuuma ghafla kwa kugonga na jasho likamtoka, mkalisheni wima, mlegezeeni nguo, angalieni kama mpira umejikunja au kibofu kimejaa. Presha hapo inapanda vibaya. Isiposhuka, hospitali mara moja.

DadaWaKimara
Asanteni mno. Nimemuuliza. Safari ya Kariakoo baadaye, kwanza anataka kwenda kunyoa, Jumamosi, kwa kinyozi wake wa mtaani, na mama asimfuate. Njiani kuna mtaro hauna mfuniko. FundiCherehani, mbao ya unene gani itambeba yeye na kiti?

FundiCherehani
Inchi mbili, mninga kama mnaupata, na iwe pana kuzidi kiti. Ipigilieni vipapi, yaani vipande vyembamba vya mbao, pembeni gurudumu lisiteleze nje. Siku ya kwanza mmoja akae nyuma yake, asisukume.