Mwakilishi katuletea taarifa ya bajeti. Na banda letu je?

Mzazi, Micheweni, Pemba: Asalaam alaykum. Mwakilishi wetu katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kasema bajeti ya elimu imepita. Watoto wetu wanapishana asubuhi na mchana, na banda la skuli tulilolijenga wananchi bado halijaezekwa. Sasa tutegemee mabati?

Maalim, Wete: Waalaykum salaam. Bado, ndugu yangu. Baraza la Wawakilishi pale Chukwani likipitisha bajeti, hiyo ni ruhusa ya kutumia tangu 1 Julai. Fedha zenyewe hutolewa kwa mafungu. Mwulizeni, banda letu limo katika fedha za maendeleo? Akujibuni mbele ya sheha, kiongozi wa shehia yenu.

Mama wa Konde: Na Mbunge je?

Maalim, Wete: Mbunge yumo Bunge la Muungano, na skuli si jambo la Muungano, mshikeni Mwakilishi. Elimu hapa Zanzibar ilitangazwa bila malipo 23 Septemba 1964. Inaniuma mtoto kukosa darasa leo.