Naomba ushauri: kupima miguu ya watoto kwa mwanga wa projekta

Hamjambo ndugu zangu. Nina karakana ndogo Kariobangi, hapa Nairobi, ya viatu vya watoto wenye miguu iliyopinda. Kupima napima kwa mwanga: projekta inamulika mistari myeusi na myeupe mguuni, kamera iliyowekwa pembeni inaona mistari inavyojikunja, kompyuta inakokotoa umbo.

Taabu ni kasi. Natumia misimbo ya Gray, yaani mistari inayobadilika picha hadi picha ili kila safu ya mwanga ipate alama yake: picha 10 ili kutofautisha safu 1,024. Mtoto wa miaka mitatu akikunja kidole gumba katikati ya zoezi, mistari haipatani tena na umbo linatoka na matuta. Kumshika kwa nguvu sitaki kabisa. Wengi wao wameshachoshwa na plasta ngumu za kunyooshea miguu.

Nafikiria kuhamia mbinu ya mawimbi ya mwanga yanayosogezwa fezi (wimbi lilelile linasukumwa kidogo pembeni kila picha), ambayo inaweza kutosheka na picha 3. Lakini mawimbi yanafanana, na pale penye mwanya kati ya vidole, programu itajuaje hili ni wimbi la ngapi? Aliyewahi kuitumia kwenye ngozi ya mtu anisaidie: niongeze kamera ya pili, au nichanganye na misimbo michache? Na je, projekta ya kawaida ya kuonyeshea mpira itaendana na kamera kwa wakati bila waya wa kuziunganisha?